Tupeane uzoefu: filamu ya mwendo wa taratibu kuhusu familia ya chumba kimoja mjini

Wakuu, uzi huu ni wa ufundi tu. Filamu za shoti ndefu (kamera inarekodi muda mrefu bila kukatizwa) na maneno machache, familia nzima imebanana chumba kimoja, huharibikia palepale kila mara. Mwenye ujuzi amwage, na vipimo aviweke.

Naanza na chumba chenyewe. Kikiwa cha mita tatu kwa tatu, wengi hukimbilia lenzi ya milimita 18, inayoona eneo pana. Hiyo huvuta nyuso za pembeni na kukigeuza chumba kuwa ukumbi. Wekeni ya milimita 35, kamera ikae nje ya kizingiti, kimo cha mita moja hivi, usawa wa macho ya aliyekaa kwenye kigoda. Miimo ya mlango ikionekana pande zote mbili, ufinyu hauhitaji maelezo.

—

Nyongeza, mkuu. Dakika nne za mtu kukaa akiwaza hazikaliki. Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho, mfano kufua shati moja. Povu linakufa, maji yanabadilika rangi, vidole vinakunjamana. Muda unaonekana hapo. Kila marudio ya shoti yanataka maji mapya na shati kavu, kwa hiyo marudio matano ni mashati matano yanayofanana. Na msizime kamera kazi ikiisha! Acheni sekunde 15 zaidi. Mara nyingi mhariri huzitaka hizo kuliko kufua kwenyewe.

—

Sauti: friji izimwe, funguo za gari ziwekwe ndani yake, asije mtu akaondoka bila kuiwasha. Kisha rekodini sekunde 60 za ukimya, watu wote wakiwa palepale walipo. Msipokuwa nazo, kila mkato (pale shoti mbili zinapounganishwa) utasikika kama shimo. Na taa: umeme wa hezi 50, shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila picha) iwe 1/50 ya sekunde. Wa hezi 60, 1/60. Mkikosea, taa zitapepesa.

—

Naomba sana kuhusu mapambo. Msipake masizi kila ukuta na kuwachania watoto nguo. Wenye vitu vichache huvitunza: kiraka kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, godoro limesimamishwa ukutani mchana, pazia linalogawa chumba limepigwa fundo ili hewa ipite. Uchafu wa kubandika unawadhalilisha watu ambao filamu inadai kuwaheshimu.

—

Muziki msiuache mwishoni. Filamu ya Killer of Sheep ya mwongozaji Charles Burnett, kazi ya miaka ya 1970, ilikwama kwa sababu ya haki za nyimbo, ikaingia kumbi za sinema rasmi mwaka 2007. Hata wimbo unaosikika kwa mbali kutoka redio ya jirani una mwenyewe. Tena redio ikilia kweli wakati wa kurekodi, kila mkato utaurusha wimbo. Rekodini ikiwa imezimwa, sauti yake iongezwe kwenye uhariri, ikiwa imepunguzwa makali kama iliyopita ukutani.