Madiwani wanalipwa posho kujadili moto, sisi tunaouzima tunaambiwa tujitolee tu

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie au mnipite.

Baraza la mji limekaa tena kujadili ombi letu sisi wazimamoto wa kujitolea. Tuliomba posho kwa kila wito, malipo kidogo kwa saa za kukaa chonjo, na bima ya kuumia au kufa kazini. Jibu ni lilelile la siku zote: bajeti haitoshi, na eti tukianza kulipwa tutapoteza moyo wa kujitolea. Waliosema hivyo walitoka ukumbini kila mmoja na posho yake ya kikao. Mbona wao moyo wa kuwatumikia wananchi haujawatoka?

Kuna watu wanadhani kazi yetu ni ile saa moja ya moto. Ukiwa zamu huendi mbali, hugusi kilevi, hushiki kazi usiyoweza kuiacha katikati. King'ora kikilia unamuaga bosi aliyekwisha kukukunjia uso tangu wito uliopita, na saa hizo zinakatwa kwenye mshahara. Mwenzako anayeishi kwa kibarua hakatwi kitu, kwa sababu siku hiyo hapati kitu kabisa. Moto ukizimika wananchi wanapiga makofi wanarudi kulala. Sisi tunabaki kuosha na kuanika mipira ya maji, kujaza mitungi ya hewa, kufua magwanda yaliyojaa masizi, na kuandika ripoti ambayo sijui kama kuna anayeisoma. Hapo sijagusa mazoezi ya wikiendi.

Hili la kulipwa kwa kukaa chonjo hatukuliota. Ubelgiji, katika mji wa Nivelles, mzimamoto wa kujitolea aitwaye Rudy Matzak aliushtaki mji wake. Akiwa zamu alitakiwa awe nyumbani na aweze kufika kituoni ndani ya dakika 8. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba muda wa namna hiyo ni muda wa kazi, hata kama mtu yuko sebuleni kwake. Kiwango cha malipo iliiachia sheria ya nchi, sawa, lakini ile hadithi ya "si mko nyumbani tu mmepumzika" ilikufa siku hiyo. Uingereza wazimamoto wa kuitwa wana malipo yao ya kukaa tayari, na juu yake wanalipwa kwa kila wito na kila zoezi. Ufaransa wa kujitolea ni karibu 200,000, wengi kuliko walioajiriwa, na wanahesabiwa posho kwa saa. Mbona hao moyo haujawatoka?

Mwanasheria wa mji naye kaja na lake: mkilipwa mtageuka waajiriwa, mtatudai likizo na pensheni. Sheria ya kwetu anaijua yeye, sibishani naye hapo. Ila asituambie kwamba haiwezekani. Marekani wamelitatua hilo zamani. Wizara yao ya Kazi inakubali mzimamoto wa kujitolea apewe posho, na mradi isizidi asilimia 20 ya kile ambacho angelipwa wa kuajiriwa kwa kazi hiyohiyo, anaendelea kuhesabika wa kujitolea. Kinachotakiwa ni mtu kukaa na kalamu akapiga hesabu.

Najua atatokea mtu wa kuniambia habari za Chile, kwamba kule wazimamoto ni wa kujitolea nchi nzima, hawalipwi, na wanatoa hadi michango ya uanachama. Kweli. Lakini hata huko kuna sheria ya tangu 1977 inayowagharamia wakiumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Ujerumani nako wengi hawana mshahara wa zimamoto, ila mwajiri analazimika kumwachia mtu aende, haruhusiwi kumkata mshahara, na kama ni mwajiri binafsi anaidai manispaa imrudishie. Yaani huko Ujerumani asiyelipwa angalau hatolewi fedha mfukoni. Sisi tunatolewa. Glovu nilizonazo nimenunua mwenyewe.

Na hili la bima ndilo linalonipandisha presha kuliko yote. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya WHO, liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Magodoro, makochi na plastiki za siku hizi zikiungua zinatoa moshi wa sumu, na sumu hiyo inabaki kwenye gwanda unalorudi nalo nyumbani kwa watoto. Moshi hauulizi nani ana barua ya ajira. Halafu diwani mzima anauliza, "Kwani mara ya mwisho mzimamoto kufa hapa ilikuwa lini?" Wallahi aliuliza hivyo, na wenzake wakacheka.

Vijana wanaondoka kikosini mmoja mmoja, na siwalaumu. Waliobaki wengi ni watu wa umri wangu, magoti yanalia kwenye ngazi.

Mliopitia hili kwenu, nisaidieni: nani alibeba gharama, mji au serikali kuu, na mlianza kudai lipi? Sisi tumekubaliana kuanza na bima. Isipoingia kwenye bajeti ijayo, nyumba ya mtu ikiungua tutakwenda kama kawaida, hatuwezi kuacha watu wafe. Lakini kusafisha uwanja kwa gari letu kabla ya sherehe, kupiga king'ora kwenye maandamano ya viongozi na kujaza tangi la maji la ofisi yao, watafute watu wengine wawalipe.