Naomba ushauri: toleo jipya halitaelewana na la zamani

Habari zenu wakuu. Nina maktaba huria ya programu (msimbo ambao programu nyingine huutumia) ya kutuma data papo kwa papo kwa UDP, njia ya kutuma pakiti mtandaoni bila uhakika wa kufika wala mpangilio; naitunza peke yangu. Namba ya mfuatano wa pakiti niliipa biti 16 tu, yaani 0 hadi 65,535 (uvivu wangu). Kwa pakiti 60 kwa sekunde inarudi sifuri kila dakika 18 hivi, na mpokeaji anatupa pakiti mpya akidhani ni za zamani. Nimejaribu kulinganisha namba kwa mzunguko (sifuri ihesabiwe kuwa inafuata namba ya mwisho), ikatulia, ila mtandao ukikatika zaidi ya dakika 9 balaa linarudi. Nataka biti 32, lakini kichwa cha pakiti (sehemu ya mwanzo yenye maelezo yake) hakina hata baiti ya kuonyesha ni ya toleo gani! Je, toleo jipya, 2.0, nilihamishie poti nyingine, au seva inaweza kutambua pakiti za matoleo yote mawili? Na watumiaji wa matoleo ya zamani, 1.x, niendelee kuwarekebishia hadi lini?