Mrejesho: neno "against" sasa nimelielewa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza kwa nini mwalimu aliipiga mstari mwekundu sentensi "I against this plan" katika barua yangu ya Kiingereza. Nimerudi kushukuru.

Aliyenijibu kuwa neno lile si kitenzi alinifungua macho. Sisi twasema "napinga", neno moja limekwisha. Waingereza, "against" kwao ni kihusishi tu, kinataka kitenzi kabla yake: "I am against this plan". Na "against to" ni kosa, nimeliacha kabisa.

Ila lililonikaa zaidi nimelipata bandarini, hapa Wete, Pemba. Mzee mmoja aliegemeza upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ukutani, mgeni akasema "against the wall". Nikashtuka: upondo unapinga ukuta? Kumbe hata kuegemea ni "against", kwa kuwa kitu kinagusa kingine na kukikandamiza. Punde ngalawa ikatoka, upepo wa mbele, mgeni akasema "against the wind". Nikamuuliza mzee sisi twaitaje.

"Mwanangu, huko ni kubisha."

Kubisha! Neno lile lile la mtu anayekataa hoja yako barazani. Nilifurahi mno, kumbe Kiswahili chetu kinalo siku zote.

Kwa mechi, kesi na chanjo naendelea na "dhidi ya". "Fight with" nimeiweka kando, maana yaweza kuwa kupigana na mtu au kupigana bega kwa bega naye. "Fight against" haina utata huo. Barua nimeiandika upya, mwalimu kaipitisha.