Kampeni ya kuchangisha pesa mtandaoni kwa lugha tatu: ukaguzi wa ukurasa wa Kiswahili unaishia wapi?

Mjitoleaji_Kanda_ya_Kati:
Wakuu habari za jioni, naombeni mwongozo kwa wenye uzoefu. Kuna asasi moja ndogo najitolea nayo, inachimba visima na kujenga vyoo vya shule vijijini huku kwetu, na safari hii wameamua kuchangisha pesa mtandaoni kwa lugha tatu. Kiingereza kwa wafadhili wa nje, Kifaransa kwa marafiki wao wa Ubelgiji na ndugu zetu wa Kongo, Kiswahili ndo sisi. Awamu ya kwanza ilishapita, Kiingereza kikaleta pesa, Kifaransa kiasi, Kiswahili karibu hamna kitu, wakati waliofungua ukurasa wa Kiswahili ni wengi tu. Kwenye kikao mkubwa mmoja akasema Waswahili hawana utamaduni wa kuchangia mtandaoni kwa hiyo hela ya matangazo ya Kiswahili ihamishiwe kwenye Kiingereza. Kauli ile imenikera mpaka leo, nikaomba wanipe ukurasa niukague kabla awamu ya pili haijaanza.

Sasa nimeupitia, sarufi iko vizuri, aliyetafsiri anajua kazi. Ila angalieni wenyewe: viwango vya kuchagua ni dola 25, dola 50 na dola 100. Ukibonyeza "Changia Sasa" unatua kwenye fomu ya Kiingereza tupu, inadai namba ya kadi ya benki na msimbo wa posta, ukiacha wazi inagoma kuendelea. Chini kabisa kuna mstari unasema mchango wako utapata nafuu ya kodi, na juu pameandikwa kampeni inafungwa Jumapili "saa 12:00 usiku". Nikisema haya napewa jibu kwamba kazi yangu ni lugha, fomu ni ya watu wa mifumo. Je ni kweli? Ukaguzi wa lugha unaishia wapi, na nikienda kwenye kikao nipeleke nini cha kuwashawishi?

Mama Mhazini:
Mwanangu huyo mkubwa aliyesema hatuchangi naomba umwambie aje akae na mimi wiki moja tu. Mimi nimekuwa mhazini wa kamati za harusi na misiba hapa Dar kwa miaka mingi na hakuna siku simu yangu imelala bila meseji ya muamala. Watu wanachanga jamani! Wanachanga harusi, send-off, kipaimara, msiba, matibabu, ada ya mtoto wa jirani, na yote hayo siku hizi yanafanyika kwenye kundi la WhatsApp, kwa hiyo mtandaoni tumo muda mrefu sana, tatizo ni kwamba ukurasa wenu hauongei na mtu anayechanga hivyo.

Angalia mchango wetu unavyokwenda. Kwanza mtu anatoa ahadi, haambiwi lipa sasa hivi. Anaandika "naahidi elfu 50", mhazini anamuingiza kwenye orodha, halafu analipa kidogo kidogo, leo elfu 20, mwisho wa mwezi elfu 30, na kila akilipa orodha inatumwa upya kwenye kundi, jina, ahadi, alicholipa, bado kiasi gani. Mtu anaona jina lake limewekewa tiki anafurahi, na wengine wanaona pesa inaonekana inapoenda. Huo ukurasa wenu umeweka dola 25, mtu wa Kiswahili aanze kutafuta dola leo ni shilingi ngapi? Wekeni elfu 5, elfu 10, elfu 20, na pawe na nafasi ya mtu kujaza kiasi chake mwenyewe hata kama ni elfu moja, maana wa elfu moja wakiwa wengi kisima kinachimbika.

Halafu jingine kubwa ni uaminifu. Sisi wote tumeshapata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo mtu akiona namba ya simu ya mtu binafsi anafunga ukurasa hapo hapo. Chukueni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la asasi, ili kabla mtu hajaweka namba ya siri aone jina lile lile aliloliona kwenye tangazo. Likija jina la mtu, hata awe mkurugenzi mwenyewe, mmempoteza. Na semeni wazi kama makato yanamhusu mtoaji, toka zile tozo za miamala za 2021 watu wanapiga hesabu ya kila mia.

Pwani_Hadi_Bara:
Mama Mhazini umegusa penyewe. Niongezee ya huku kwetu Kenya. 2011 wakati ule wa ukame, Turkana na kaskazini yote watu walikuwa na njaa kali, Msalaba Mwekundu na Safaricom na benki na vyombo vya habari wakaanzisha Kenyans for Kenya, lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja na lilipitwa kabla mwezi haujaisha. Watu walituma kwa M-Pesa hata vijisenti, watoto wa shule walichanga. Hiyo ni miaka minne tu baada ya M-Pesa kuanza 2007. Kwa hivyo habari ya kwamba watu wetu hawatoi kwa njia ya simu ilishajibiwa kitambo, mpelekee huyo mkubwa mfano huo kikaoni.

Kwa swali lako la ukaguzi unaishia wapi, kwa maoni yangu unaishia pale mtu amepata meseji ya asante. Chukua watu watatu wanne ambao hawajui chochote kuhusu hiyo asasi, mmoja awe mzee, mmoja awe na simu ya batani, wape elfu moja moja kila mtu halafu uwaambie wachange, wewe kaa kando unyamaze uangalie. Usiwasaidie! Andika tu pale wanaposimama. Utaona mmoja amekwama kwa msimbo wa posta, mwingine ametafuta M-Pesa akakosa, mwingine bando limeisha kabla picha hazijafunguka. Hiyo karatasi ndio upeleke kwenye kikao, pamoja na idadi ya waliofungua ukurasa na idadi ya waliobonyeza kitufe na idadi ya waliomaliza kulipa, kwa kila lugha kivyake. Kama Kiswahili wengi wanabonyeza na wanapotelea kwenye fomu, basi nia ya kutoa wanayo, fomu ndiyo inawafukuza. Watu wa mifumo hawana jibu la hapo.

Na hiyo saa 12:00 usiku itoe leo leo. Waliandika usiku wa manane kwa saa ya Kizungu, msomaji wetu atajua mambo yanaisha magharibi na aliyepanga kutuma saa tatu usiku ataona amechelewa. Andika saa 6 usiku, Jumapili kuamkia Jumatatu, hapo hakuna atakayepotea.

Mhariri_Mitandaoni:
Mkuu mleta mada, mimi nachangia kuandika makala Wikipedia ya Kiswahili kwa hiyo nilifuatilia sana yaliyotokea kwa wenzetu wa Kiingereza, yanaweza kukusaidia kwenye hoja ya nani ana haki ya kusema. Mwishoni mwa 2022 Wikimedia Foundation, hilo shirika la Marekani linaloendesha Wikipedia, walikuwa wanajiandaa na mabango yao ya kuomba michango ya Desemba. Wahariri wa kujitolea wakayapinga kwenye mjadala wa wazi, wakasema maneno yanamtia msomaji hofu kana kwamba Wikipedia inakaribia kufungwa, wakati mfuko wake wa akiba wa muda mrefu ulikuwa umeshafika dola milioni 100 mwaka 2021. Maneno yakabadilishwa, na kuanzia hapo rasimu za mabango zinawekwa hadharani mapema watu wazijadili. Waliolazimisha hayo ni wajitoleaji, hakuna hata mmoja alikuwa mwajiriwa wa idara ya michango. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kaa kwenye sarufi.

Na kwenye kukagua lugha tofauti mimi naweka kurasa zote tatu kwenye meza moja, nasoma ahadi zinazotolewa. Je kisima kimoja kinagharimu kiasi kile kile kwa Kiingereza na kwa Kiswahili? Je picha ya mtoto anayelia ipo kwa wazungu na kwa Waswahili haipo? Kama unaona aibu kuiweka picha fulani mbele ya wazazi wa kijiji kile, iondoe kote. Hilo mashirika ya Ulaya yaliyo chini ya CONCORD walishaandikiana mwongozo wake toka 2006, kwamba anayepigwa picha alindiwe utu wake na akubali mwenyewe. Hapa naweka mkazo maana wazazi wa hao watoto sasa wana simu na ukurasa wa Kiswahili wanausoma!

Ule mstari wa kodi nadhani umekopiwa toka Uingereza, kule kuna utaratibu wa Gift Aid ambapo serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni anayotoa mlipakodi. Mtu wa Singida haumhusu, kumwambia hivyo ni kumdanganya. Ufuteni.

Ustaadh_Mnyenyekevu:
Assalaam alaykum. La kwangu fupi. Kama mtafanya kampeni Ramadhani tenganisheni zaka na sadaka. Zaka ina makundi 8 ya wanaostahiki, yametajwa kwenye Surat Tawba aya ya 60, kwa hiyo mtu akitoa zaka halafu ikaenda kwenye mshahara wa ofisi au tangazo la mtandaoni mmembebesha jambo zito. Sadaka ina uwanja mpana. Wekeni sehemu mbili kwenye fomu na muulizeni sheikh wenu kabla ya kuandika chochote.

Wa_Bukavu:
Jambo wapendwa, mimi naandika toka Bukavu. Msisahau kwamba huku Kivu Kifaransa tunakisoma lakini nyumbani ni Kiswahili, sasa mtu wa huku akifungua ukurasa wa Kifaransa anaona euro na kadi ya benki, anafunga. Sisi tunatumia dola na franga pamoja, na kwenye simu ni Airtel Money, Orange Money au M-Pesa ya Vodacom. Ukurasa wa Kifaransa umetengenezwa kwa Brussels, mkuu, hata huo unahitaji kukaguliwa.

Jambo lingine dogo lakini linakula pesa: meseji za simu. Meseji moja ya herufi za kawaida inabeba herufi 160, Kiswahili kinaingia bila shida. Lakini Kifaransa ukiweka ê au ô au ile c ndogo yenye mkia, mfumo unabadilika na meseji moja inabeba herufi 70 tu, asante yenu moja inakuwa meseji mbili au tatu na zote mnalipia. Hesabuni kabla ya kutuma kwa watu maelfu.

Mjitoleaji_Kanda_ya_Kati:
Aisee nawashukuru sana wakuu, sikutegemea msaada mkubwa hivi. Nimeshaomba takwimu za kitufe na za waliomaliza kulipa kwa kila lugha, na kesho natafuta watu wa kuwajaribu akiwemo bibi mmoja mwenye simu ya batani. Mama Mhazini shikamoo, nina swali moja: hii ya ahadi naipenda mno na ndo nataka kuipigania, lakini bosi ataniuliza watu wakiahidi wasipotoa inakuwaje?

Mama Mhazini:
Marahaba mwanangu. Wapo wasiotoa na tumewazoea, ndo maana bajeti ya kamati haipangwi kwa ahadi zote. Wakumbushe mara mbili tu, ya kwanza kwenye tarehe za mishahara, ya pili siku chache kabla ya kufunga, kwa jina lake na kwa upole, "Ndugu fulani tunakumbushia ahadi yako ya elfu 20, ukiwa na nusu yake tuma hiyo hiyo tutashukuru." Hiyo "hata nusu" inaleta wengi, maana kuna anayeona aibu kutuma pungufu ya alichoahidi. Baada ya hapo muacheni. Na orodha ya kutuma kundini iwe ya waliotoa peke yake, tena muulizwe kila mtu kwanza kama anataka jina lake litokee, sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo toka 2022 na kwenye harusi watu wanajuana ila kwenu wanakuja wasiojuana.