Sare kwa kila shughuli hapa Dodoma: upendo au tunakomoana?

Wakuu, habari za muda huu.

Nalileta hili jamvini kwa sababu limetuchosha wengi na hakuna anayelisema mbele ya kamati. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umejaa watumishi wa kila mkoa, na kila mtu yumo kwenye makundi ya WhatsApp ya shughuli. Kichen pati, sendofu, harusi yenyewe, kipaimara, arobaini ya mtoto, kila moja na sare yake. Mchango umeshatoa, kadi umeshachukua, bado unatumiwa picha ya lesi na maneno "mwisho wa kulipia Ijumaa".

Msimamo wangu: mchango ubaki, sare ifutwe.

Mchango unamwinua mwenye shughuli. Sare inamsaidia nani? Fungua kabati la mama mtumishi pale Ilazo au Kisasa. Lesi ya zambarau, shanga kifuani, imebanwa kiunoni kwa vipimo vya mwaka ule, imevaliwa jioni moja. Ofisini haiendi, sokoni haiendi, mdogo wake haimtoshi. Akiirudia kwenye shughuli nyingine, watu wanakonyezana. Na wapo wanaokimbilia mikopo ya kausha damu katikati ya mwezi ili tu wasikosekane kwenye picha, huku ada ya mtoto inasubiri. Hili linaniuma kweli.

Dada mmoja kazini alinijibu hivi: "Wewe unataka kuua riziki za watu, mafundi wa Majengo wanaishi kwa sare hizi." Hoja nzito, naiheshimu. Ila tuitazame vizuri. Lesi nyingi zinatoka nje ya nchi, kwa hiyo hela ya kitambaa inaondoka, fundi anabaki na ya ushonaji, tena anakeshea mzigo wa watu wote kwa wiki moja. Fundi huyohuyo tukimzoesha kazi za kupunguza gauni, kubadili zipu, kugeuza kola ya shati iliyochakaa, atakuwa na kazi hata miezi ambayo harusi hakuna. Tutanunua kidogo na yeye atakula.

Wengine wanasema haiwezekani, mila imeshakaa. Desemba 9, 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, siku ikawa ya usafi nchi nzima, na fedha zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco–Mwenge kule Dar. Uhuru wetu haukupungua chochote. Kichen pati ya Area D inashindwa nini?

Nakubali kwamba kina mama wakivaa namna moja wanapendeza na bibi harusi anajisikia ana watu. Basi iwe khanga. Doti moja wanagawana wawili, haihitaji kushonwa lesi na shanga, na kesho yake ni mbeleko, ni ya kujifunga jikoni, ni ya kwendea msibani. Sioni nani atadhalilika hapo.

Sasa nawauliza wanakamati mliomo humu: mko tayari kuandika kwenye kadi "njoo na nguo yako nzuri uliyonayo"? Na mnaoshona au kuuza lesi, leteni hesabu zenu: kwenye sare moja, fundi anabakiwa na shilingi ngapi mkononi?