Naomba ushauri: mdahalo wa wanafunzi kuhusu kesi ya Elor Azaria

Ndugu zangu, ninafundisha Historia kidato cha sita na ninaandaa mdahalo kuhusu askari kutumia nguvu za kuua katika mgogoro wa Israeli na Palestina. Nimechagua tukio la Machi 24, 2016 mjini Hebron, Ukingo wa Magharibi, ambapo Abdel Fattah al-Sharif, Mpalestina aliyekuwa amemchoma askari kisu, alipigwa risasi ya kichwa na Sajini Elor Azaria wa jeshi la Israeli wakati al-Sharif akiwa tayari amelala chini, amejeruhiwa, dakika kadhaa baada ya shambulio kudhibitiwa.

Azaria alidai kwamba alihofia al-Sharif alikuwa na bomu. Mahakama ya kijeshi ilikataa utetezi huo, ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miezi 18, kifungo ambacho mkuu wa majeshi alikipunguza hadi miezi 14.

Hofu yangu ni kwamba, kwa kuwa askari kutiwa hatiani namna hii ni jambo la nadra, wanafunzi wataamini kuwa ndiyo kawaida. Je, niongeze kesi ambayo haikufika mahakamani? Na ile video iliyorekodiwa na mtu wa kujitolea wa B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Israeli, niwaonyeshe, au heshima ya marehemu inanitaka nitumie maelezo ya hukumu pekee?