IST inalia dashibodi asubuhi, mlango nao unagonga: nianzie wapi?

Mdau wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Toyota IST ya 2004. Asubuhi ya baridi dashibodi inalia kwichi-kwichi upande wa abiria, jua likichomoza inanyamaza. Mlango wa nyuma kulia unagonga ta-ta-ta kwenye rasta (yale matuta madogo ya barabarani). Fundi alipulizia mafuta ya kulegeza kutu kila mwanya, ikatulia siku mbili ikarudi. Naomba ushauri kabla sijafungua dashibodi nzima.

Bisibisi Nyota
Mkuu, usiifungue. Hapo una kelele mbili tofauti. Mlio wa dashibodi ni plastiki mbili zinasuguana: zinashikana, zinateleza, zinashikana tena. Kugonga ni kitu kimelegea. Baridi hii ya Julai plastiki inasinyaa na klipu zinapata mwanya. Jua likiipasha inatanuka na kujibana tena. Itafute asubuhi hiyo hiyo, saa sita mchana hutaipata.

Toa kila kitu kwanza, hata jeki na spana za kwenye buti. Mtu mwingine aendeshe 20 hadi 30 kwa saa kwenye barabara ya vumbi, vioo juu, redio na feni zimezimwa. Wewe bonyeza kwa kiganja: matundu ya upepo, ukingo wa kioo cha mbele, droo. Ukibonyeza ikanyamaza, weka alama ya tepu. Kama ni droo, kagua vile vipira vidogo inapoegemea. Vikiisha, plastiki inagusa plastiki. Bandika utepe wa kitambaa, ule wa kufungia nyaya za gari. Safu moja inatosha, ukizidisha droo haifungi.

Yale mafuta yafute kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Yanakamata vumbi, na raba za mlango huvimba. Raba zinataka silikoni: tia kwenye kitambaa, paka kidogo, baada ya dakika 10 futa inayobaki.

Spana 10
Mlango usiufungue kabla ya kupima. Zungusha tepu ya umeme mara moja kwenye kile chuma cha fremu kinachoshikwa na kufuli. Kelele ikipungua, mlango haubani vizuri. Legeza skrubu za chuma hicho, kisogeze ndani kidogo sana. Kisha shusha kioo nusu: kugonga kukibadilika mlio, ni reli ya kioo. Na shokapu za nyuma zikaguliwe, mlio wake hudanganya.

Ukilazimika kufungua, skrubu zimejificha kwenye kishikio cha ndani na sehemu ya kuvutia mlango. Anza pembe ya chini kwa kipande bapa cha plastiki, vuta karibu kabisa na klipu. Ukivuta katikati, paneli inapasuka. Klipu zilizokatika vichwa ndizo zinazogonga. Beba nzima moja dukani kama sampuli, maana ikipungua milimita moja tu haishiki. Fimbo za kitasa zivishe sponji, ila ile nailoni ya nyuma ya paneli irudishe bila kuichana, la sivyo masika maji yataingia kwenye zulia.

Mdau wa Sakina
Shukrani sana wakuu. Na ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele, naweza kuivuta tu?

Bisibisi Nyota
Angalia kama ina maandishi ya SRS. Ikiwa nayo, kuna eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga wakati wa ajali) nyuma yake: zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90, na soketi za njano usiziguse. Utepe bandika kwenye ukingo wa plastiki pekee, eabegi isifunikwe.